Tupeane uzoefu: ni lini ulijifunza kuyaamini machale yako?

Kisima

Wakuu, habari za saa hizi.

Leo mchana mtu niliyesoma naye amenipigia simu anahema. Yule bwana tuliyekuwa tuingie naye ubia, mimi nikakataa yeye akaingia, hapatikani. Simu imezimwa, ofisi ina kufuli, na mwenye nyumba anasema jamaa kahama usiku. Nilidhani rafiki yangu ataniuliza afanye nini. Ananiuliza, "Hivi wewe ulijuaje?"

Na jibu la maana sina. Siku ile tulipokaa mezani makaratasi yalikuwa yametimia, mihuri ipo, hesabu zinajumlika. Bwana mwenyewe mcheshi, anakuita kwa jina kila baada ya maneno mawili. Ila roho ilikataa. Leo nikikumbuka ndiyo naona kwamba kila nilipouliza swali alianza kulijibu kabla sijalimaliza, na alichojibu kilikuwa swali jirani na langu. Siku ile sikuliona hilo. Nilichokuwa nacho ni tumbo kukaza na hamu ya kutoka nje. Nikaitwa mwoga, nikaambiwa sipendi maendeleo, nikanyamaza nikaondoka.

Sasa nataka tuzungumze kwa dhati. Siulizi ndoto wala ramli. Nawauliza ambao machale yaliwahi kuwacheza, na hasa hili: mmejifunzaje kuyatofautisha na woga wa kawaida? Maana woga nao unakaza tumbo vilevile. Karibuni.

Gogo la Mvule

Hapo kwenye kujibu swali la jirani umepiga penyewe. Namjua mtu wa hivyo, na tunaishi nyumba moja.

Mama Pacha

Uzi umenigusa pabaya huu. Narudi watoto wakilala.

Dereva wa Masafa

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Langu fupi.

Nina lori na tela, mzigo umejaa, mbele kuna mteremko ambao kila dereva wa njia ile anauheshimu. Mshale wa upepo wa breki uko juu, hakuna taa iliyowaka. Ila kila nikigusa breki, ule mpumuo wa upepo unapotoka ulikuwa unachelewa kukata. Kuchelewa kwenyewe ni kama kupepesa jicho. Utingo wangu hakusikia kitu, akasema mzee umechoka. Nikaegesha juu kabisa, nikatia vigingi kwenye matairi, nikaingia uvunguni na tochi. Bomba la upepo la ekseli ya nyuma lilikuwa limesagika kwenye fremu mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Lingeweza kupasuka katikati ya mteremko.

Kuhusu kutofautisha: woga kwangu huja na picha. Naona lori limepinduka, naona msiba umejaa watu. Machale hayana picha. Yanasema simama, basi.

Mkeka Mzima

Mimi machale hunicheza jioni kabla ya mechi. Nahisi kabisa timu fulani inashinda, mwili unasisimka. Mkeka unachanika. Nahisi tena, unachanika tena. Haya yangu ni ya aina gani wakuu?

Gogo la Mvule

Yako yana njaa.

Nesi wa Usiku

Naomba nami niseme langu, na litakuwa refu kwa sababu sijawahi kuliandika popote.

Ilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji. Napokea zamu, mwenzangu anayeondoka ana haraka, koti tayari amevaa. Ananipitisha kitanda kwa kitanda: huyu hivi, yule vile, wa pale pembeni damu ndiyo kwanza imeanza kuingia. Akaaga. Nikaanza kuzunguka.

Nilipofika pembeni, yule mama aliyekuwa anaongezewa damu alinitazama akaniambia, "Nesi, mimi nakufa." Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekuambia saa. Nikapima presha, iko sawa. Joto, sawa. Mapigo yamepanda kidogo, na mtu aliyetoka kupasuliwa mapigo kupanda kidogo ni jambo la kila siku. Nikampigia daktari wa zamu. Akasema ni wasiwasi wa baada ya upasuaji, mtulize.

Nikarudi kumtuliza. Nimesimama pale namwambia maneno ya kumtuliza, na huku macho yangu yako kwenye vidole vyake. Alikuwa anaparuza shuka taratibu, anajisogeza kiuno kushoto, kulia, kushoto, kama kuna jiwe chini yake. Nikamuuliza, "Kiuno kinauma?" Akasema, "Kimeanza sasa hivi." Wakati anamaliza neno hilo mkono wangu ulikuwa umeshabana mrija. Sikuamua. Nakumbuka nikiutazama mkono wangu ukiwa juu ya kibano na kujiuliza nitamwelezaje daktari.

Nikatoa mrija wote, nikaweka mpya na dripu ya maji ya chumvi ili mshipa usizibe. Kisha nikauchukua ule mfuko wa damu, nikaenda nao kwenye taa ya mezani kwetu, nikasoma. Jina la kwanza lake. Jina la pili si lake. Kundi la damu si lake.

Nilipogeuka alikuwa anatetemeka kitanda kizima kinagonga ukuta. Na kwenye mfuko wa mkojo, maana alikuwa na mpira, mkojo uliokuwa unashuka ulikuwa mwekundu wa giza. Daktari alikuja anakimbia, viatu havijafungwa kamba.

Mpaka leo watu huniuliza niliona nini. Niliona vidole.

Kisima

Dada, nimesoma nimesimama. ALIPONA?

Mti Mkavu

Alipona au hakupona? Usituache hapo.

Dereva wa Masafa

Na huyo aliyetundika damu ya mtu mwingine alifanywa nini? Hilo ndilo tunataka kujua.

Mti Mkavu

Yaani watu wanaenda kuongezewa uhai wanaongezewa kifo. Halafu tunaambiwa tuwaamini!

Nesi wa Usiku

Alipona. Figo zilisumbua kwanza, zikarudi. Kwenye damu isiyolingana, kiasi kilichoingia kina uzito mkubwa, na iliyokuwa imeingia ni kidogo. Kuhusu mwenzangu, taratibu zilifuatwa na sitaki kumjadili hapa. Kaka Mti Mkavu, yule aliyebana mrija naye ni nesi.

Kipimo

Dada, hongera, na nasema kwa heshima, lakini hilo si machale. Ni mafunzo. Kila muuguzi anafundishwa kwamba anayeongezewa damu akisema anahisi anakufa, au kiuno kikaanza kuuma, simamisha damu kwanza, maswali baadaye. Tukiita kila kitu machale tutawapoteza watu.

Nesi wa Usiku

Kanuni naijua, nimeifundisha hata wanafunzi. Lakini wewe hujakaa wodini usiku. Wagonjwa wanaoniambia wanakufa ni wengi, na wengi wao wana gesi, wana upweke, wana maumivu ambayo dawa yake imechelewa. Kanuni haikuambii yupi. Mkono ulibana kwanza, kanuni nikaikumbuka nikiwa njiani kwenda kwenye taa. Sasa wewe hiyo uiite upendavyo.

Mwalimu wa Jioni

Mimi nawaona wote wawili mko upande mmoja. Mafunzo yakikaa mwilini muda mrefu yanaacha kupita mdomoni.

Gary Klein, mtafiti aliyekaa sana na wazimamoto, anasimulia habari ya kamanda mmoja. Nyumba inaungua jikoni, vijana wake wako sebuleni wanamwaga maji. Moto hauitikii maji inavyotakiwa. Sebule ina joto kuliko moto mdogo wa namna ile unavyostahili, na tena kuko kimya mno. Kamanda hakupanga hayo kichwani. Alihisi vibaya tu, akaamuru wote watoke. Wametoka, sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka. Moto wenyewe ulikuwa chini yao, kwenye ghorofa iliyochimbwa chini ya ardhi, hawakujua hata kama ipo. Yule kamanda aliamini ana kipaji cha ajabu. Klein akakaa naye, akamuuliza kipande kwa kipande, ndipo zikatoka zile dalili: joto, ukimya, maji kutofanya kazi. Alizijua zote. Alikuwa hajaziambia ulimi.

Mcha Mungu

Mbona hakuna anayemtaja Mungu hapa? Hiyo sauti ina mwenyewe. Mnaikimbiza kwenye sayansi.

Kipimo

Basi mwenyewe angemwambia yule aliyetundika damu.

Mcha Mungu

Unakejeli.

Mwalimu wa Jioni

Jamani, jamani. Mwenye kuomba aombe, na mwenye kupima apime. Tusiharibu uzi wa watu.

Msomaji Kimya

Sijawahi kuchangia popote ila leo nimeshindwa kunyamaza. Mnamsifu nesi, sawa, anastahili. Lakini mwenye machale hasa ni yule mama kitandani! Yeye ndiye aliyesema. Hakusomea chochote na alijua kabla ya mashine ya presha.

Nesi wa Usiku

Umesema kitu ambacho natamani kila mtu akisikie. Hisia ya ghafla kwamba kifo kiko mlangoni ni dalili inayotambulika kitabibu. Inatokea kwenye mshtuko wa moyo, kwenye damu iliyoganda mapafuni, kwenye mzio mkali unaobana pumzi, na kwenye damu isiyolingana kama hii. Sijui mtu wa kawaida afanye nini na habari hii zaidi ya kusema kwa sauti. Ukihisi hivyo ghafla, na hujawahi kuhisi hivyo, usione aibu. Sema, na ukipuuzwa sema tena kwa mtu mwingine.

Mwendo Pole

Nimesita kuandika kwa sababu yangu inakwenda kinyume na za wenzangu.

Nilipata ajali ya basi. Nilitoka mzima, mifupa yote. Tangu siku hiyo kila gari nililopanda machale yalinicheza. Yalicheza kweli, si mchezo: jasho viganjani, masikio yanaziba, uhakika kamili kwamba hili halifiki. Nimeteremka magari njiani nikabaki barabarani na begi. Yote yalifika salama. Nimekataa kazi nzuri kwa sababu ilikuwa ya kusafiri. Ndugu zangu wanapenda hadithi za machale, wakawa wananisifu: sikiliza roho yako. Nikazidi kuisikiliza, na dunia yangu ikazidi kuwa ndogo.

Aliyenisaidia ni mshauri wa saikolojia. Hakunibishia hata mara moja. Aliniambia kila nikihisi hivyo niandike: nimehisi nini, nguvu kiasi gani, halafu nini kilitokea. Daftari likajaa "tumefika salama". Ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko uleule, tumefika salama, tumefika salama. Mwili wangu ulikuwa unaliona basi lile la kwanza ndani ya kila basi.

Kwa hiyo Dereva wa Masafa nakubaliana na wewe kuhusu picha. Yangu yalijaa picha. Ila tafadhali msimwambie kila mtu "amini moyo wako". Kuna mioyo iliyoumia, inahitaji kutibiwa kwanza.

Dereva wa Masafa

Pole sana ndugu yangu. Nimekuelewa.

Kipimo

Huyu ndiye mchango bora wa uzi huu, na hakuna anayemjibu kwa sababu hauna damu.

Mkeka Mzima, jibu lako liko hapa pia. Daniel Kahneman, aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia miaka mingi kuonyesha hisia za haraka zinavyotupotosha. Klein aliyetajwa hapo juu alikuwa anaonyesha zinavyookoa. Mwaka 2009 wakaandika makala pamoja, na badala ya kugombana wakakutana kwenye masharti mawili. Kwanza, jambo lenyewe liwe na dalili zinazojirudia, hili likitangulia lile hufuata. Pili, wewe uwe umelizoea muda mrefu na kila mara unapata majibu kama ulipatia au ulikosea. Nesi anayo yote mawili. Dereva pia. Mwenye kutabiri hisa zitapanda au zitashuka miaka mitano mbele, hana. Na wakasema jambo ambalo ningependa libandikwe ukutani: kujisikia una uhakika hakuthibitishi kwamba umepatia.

Mkeka Mzima

Kwa hiyo niache?

Kipimo

Uache.

Gogo la Mvule

Au uwe unatia timu unayohisi itafungwa.

Mwalimu wa Jioni

Nyongeza kidogo. Kikundi cha Antonio Damasio, mtafiti wa ubongo, mwaka 1997, kilitoa matokeo ya mchezo wa karata. Mafungu manne. Mawili yanatoa zawadi kubwa, ila hasara zake zinakumaliza. Mawili yanatoa kidogo kidogo lakini mwisho unabaki na faida. Ngozi za wachezaji zilianza kutoa jasho walipotaka kugusa mafungu mabaya, kabla wao wenyewe hawajaweza kueleza yapi mabaya.

Kipimo

Maliza basi. Mwaka 2004 wengine wakarudia mchezo huo huku wakiwauliza wachezaji maswali ya kina zaidi, wakakuta wanajua mengi kuliko ilivyodhaniwa. Mwili haukuwa lazima umetangulia.

Mwalimu wa Jioni

Kweli, ulipingwa. Lakini hata wapingaji hawakusema mwili hausemi kitu. Walisema akili nayo ilikuwa macho.

Kisima

Ndugu zangu, hayo ya karata mazuri, ila turudi kwenye uzoefu.

Mkaguzi

Nakagua hesabu za makampuni. Kazi yangu ni makaratasi, na makaratasi yana harufu yake.

Niliwahi kupewa faili la stakabadhi za mgavi mmoja, za mwaka mzima. Kila kitu kimepangwa, kimesainiwa. Bosi wangu akapitia akasema safi. Mimi nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua tena. Kuna kitu kilikuwa kinanikera kama uzi kwenye jino. Nikakaa nalo mpaka watu wakaondoka ofisini. Stakabadhi za mwaka mzima zinatakiwa ziwe zimeishi: moja imekunjwa mfukoni, nyingine ina alama ya kikombe, wino umefifia huku na huku. Hizi zilikuwa zimenyooka zote, wino mmoja. Ndipo nikasoma namba. Ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa pili zimefuatana. Ya tatu, ya nne, zimefuatana. Yaani huyu mgavi mwaka mzima hakuwahi kumuuzia mtu mwingine yeyote! Kitabu kimoja cha stakabadhi kiliandikwa siku moja na mtu mmoja.

Ninachotaka kusema kwa vijana walio kwenye kazi yoyote: machale hayapelekwi mezani kwa bosi. Mezani unapeleka namba. Lakini bila machale nisingezisoma namba, kwa sababu hakuna anayesoma namba za stakabadhi.

Msomaji Kimya

Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Mama Pacha

Nimerudi. Watoto wamelala.

Kuna mtu alikuwa rafiki wa familia yetu. Sitasema zaidi ya hapo. Mpole, mwenye msaada, kila mtu anampenda, na wanangu walimpenda kuliko wote. Mimi nikimsikia anabisha hodi shingo inakaza. Nikajilaumu. Nikajiambia labda nina wivu kwa kuwa watoto wanamkimbilia yeye. Siku moja niko jikoni nikamsikia sebuleni anampa mmoja pipi, anamwambia kwa sauti ya chini, "Hii iwe siri yetu, mama asijue."

Pipi tu. Kitu kidogo kabisa. Ningemwambia mtu angecheka.

Kuanzia siku hiyo sikuwahi kumwacha peke yake na watoto wangu hata kwa muda wa kwenda kuchukua maji. Sikumtukana, sikumtangaza, sikumfukuza. Akija nakaa. Akisema anawatoa kutembea, nasema twende wote. Baada ya muda akapunguza kuja, mwisho akaacha. Mume wangu aliona nimemvunjia rafiki yake heshima, na hilo tulilibeba ndani ya nyumba muda mrefu.

Mpaka leo sijui kama nilikuwa sahihi. Hakuna kilichotokea, na sitajua kamwe kama hakikutokea kwa sababu nilikaa pale. Nesi alipata jibu lake kwenye mfuko. Sisi wengine hatupewi jibu.

Mti Mkavu

Kwa hiyo dada ulimhukumu mtu kwa sababu ya pipi. Ndiyo haya sasa. Mwanaume siku hizi ukimpenda mtoto wa mwenzio unaonekana mbaya.

Mama Pacha

Soma tena. Nilikaa sebuleni kwangu. Kukaa sebuleni kwangu ni hukumu?

Nesi wa Usiku

Dada ulifanya sawasawa. Mtu mzima anayemfundisha mtoto kumficha mama yake siri ndogo anamzoesha kuficha. Ukubwa wa pipi hauna maana.

Mti Mkavu

Na kama alikuwa mtu mwema?

Msomaji Kimya

Mtu mwema angekaa sebuleni na mama akiwepo, anywe kinywaji chake aondoke. Amepungukiwa nini?

Kovu

Naomba niwaunge na kuwapinga kwa pamoja.

Mimi ndiye yule ambaye machale ya watu huwacheza wakimwona. Nina kovu kubwa kutoka jicho mpaka kidevu, nililipata nikiwa mtoto, mafuta ya moto. Na mwili ni mkubwa. Nikiingia dukani mlinzi ananifuata. Nikiingia kwenye lifti mwanamke mwenye mkoba anauhamishia bega la pili. Wote hao ukiwauliza watakuambia roho iliwatuma. Na wanasema kweli, iliwatuma. Ila ilitumwa na nini? Na kovu, na picha za majambazi walizoziona tangu wadogo.

Mama Pacha, wewe nakutetea, kwa sababu ulisikia maneno na ulifanya jambo lisilomdhuru mtu. Lakini wapo wanaomnyima mtu kazi, nyumba, mchumba, kwa "nimehisi tu". Mimi nimewahi kukosa nyumba ya kupanga hivyo, nikiwa na kodi mkononi. Nawaomba mkihisi kuhusu mtu, jiulizeni: amefanya nini? Amesema nini? Kama jibu ni kwamba hajafanya wala hajasema, anaonekana tu, hapo acheni kuhisi mkamuulize jina lake.

Kisima

Kaka, umenifundisha. Yule bwana wa ubia alikuwa na sura nzuri kuliko wote mezani.

Kipimo

Kovu amemaliza. Nafunga na mimi.

Gogo la Mvule

Hujafunga tangu uzi uanze.

Njia Panda

Wakuu samahani kwa kuingilia. Nimesoma wote kwa sababu nina jambo la kesho. Nimepata kazi, cheo kizuri, malipo mazuri kuliko ninakotoka. Kesho asubuhi natakiwa kusaini. Nilipokwenda kwa usaili walinipokea vizuri ila nilitoka na moyo mzito na sijui kwa nini. Hii ni woga wa kuhama au ni machale? Nisaidieni.

Mcha Mungu

Omba leo usiku. Ukiamka na amani, saini.

Mkeka Mzima

Saini! Moyo mzito haulipi kodi.

Gogo la Mvule

Rusha sarafu. Ikiwa hewani utajijua unaomba iangukie wapi. Usiitazame ilivyoanguka.

Dereva wa Masafa

Usisaini. Roho ikikataa imekataa.

Mwendo Pole

Kabla ya kusaini au kutosaini, jiulize kama uliwahi kuhisi hivyohivyo kila ulipohama kazi. Kama ndiyo, na kazi zile zilikuwa nzuri, basi huo ni mwili wako unavyohama.

Njia Panda

Hapana, kazi niliyonayo niliingia nikiwa na furaha. Hii ni tofauti. Nimekaa nikakumbuka, kuna kitu. Walinitembeza ofisi nzima na kila tulipofika mezani kwa mtu, mtu alikuwa anaandika. Hakuna aliyeinua kichwa kunisalimia. Hata mmoja. Na aliyenitembeza hakuona kama ni ajabu.

Nesi wa Usiku

Hapo sasa. Umeona vidole.

Mkaguzi

Ndiyo dalili, lakini bado si namba. Fanya hivi dada, au kaka: usiende na jibu, nenda na ombi. Waombe nakala ya mkataba ukaisome nyumbani, na uombe kuongea na mtu mmoja wa idara utakayofanyia kazi, bila bosi. Uliza pia aliyekuwa kwenye nafasi hiyo amekwenda wapi. Kisha sikiliza wanavyojibu.

Kisima

Na uangalie kama wanajibu swali lako au la jirani.

Njia Panda

Nimewatumia ujumbe sasa hivi kuomba nakala.

Njia Panda

Wamejibu. Mkataba hautoki ofisini, unasomwa palepale wakati wa kusaini. Aliyekuwepo "aliondoka kwa sababu binafsi". Na kuhusu kuongea na mtu wa idara wamesema nitakutana nao wote nikishaanza.

Dereva wa Masafa

Egesha hapo juu.

Kipimo

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na dereva.

Mti Mkavu

Mimi bado nasema malipo ni mazuri. Aende akausome palepale, akikuta mbovu anyanyuke. Kusoma si kusaini.

Mama Pacha

Hilo nalo neno. Ila usiende peke yako mwanangu. Mtafute mtu anayesoma mikataba, na ukae upande wa mlango.